Sura ya Saba: Sherehe za Kiangazi za Japani kwa Gari-nyumba

Karibu kila anayesikia habari za sherehe za kiangazi za Japani huuliza swali moja: mtu ataonaje tatu au nne kati ya hizo, ilhali zote huangukia siku zilezile, katika miji iliyo mbalimbali, na vyumba vya hoteli vimeshachukuliwa miezi kadhaa kabla? Mji wa Aomori, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Honshu, huwasha sanamu zake za karatasi usiku wa tarehe 2 Agosti. Akita huinua fanusi zake kuanzia tarehe 3. Yamagata hufuata tarehe 5, Sendai tarehe 6. Ikifika tarehe 9, wafagiaji wameshapita na barabara zimerudishiwa magari.

Wajapani wengi wamepata jibu lao katika gari-nyumba, yaani gari lililofungwa kitanda na betri ya ziada, mara nyingi na jiko dogo na sinki, ambamo msafiri hulala popote anaporuhusiwa kuegesha. Kuokoa bei ya chumba ni faida ndogo. Faida kubwa ni muda. Mwenye hoteli ya mbali hufika jioni, hutazama saa mbili, kisha hukimbilia treni ya mwisho. Mwenye gari hufika mchana, mtaa ukiwa bado unafunga kamba na kujaribu ngoma, na kesho yake asubuhi huwaona watu walewale wakifungua walichokifunga. Sherehe hizi ni kazi ya mtaa mzima, na anayeona maandalizi na usafi wake huzielewa kuliko anayeona kilele peke yake.

Kwa nini zote huja kiangazi

Sherehe ya jadi ya Kijapani huitwa matsuri. Kwa kawaida ni mali ya mtaa au kijiji, na nyingi zimeshikamana na hekalu la Shinto, dini ya asili ya Japani yenye miungu wengi wa milima, mito na mahali. Zipo mwaka mzima, lakini kiangazi kina zilizo kubwa na zenye kelele zaidi, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni maradhi. Katika nchi hii mvua za Juni na Julai hufuatwa na joto kali lenye unyevu, na katika miji ya kale huo ulikuwa msimu wa magonjwa ya kuambukiza. Sherehe ya Gion ya Kyoto, iliyo maarufu kuliko zote za Julai, inahesabu mwanzo wake mwaka 869, wakati mji huo, uliokuwa makao ya mfalme, ulipopigwa na tauni. Watu waliamini kwamba roho zenye hasira ndizo zilizoleta ugonjwa. Zikasimamishwa silaha ndefu za mpini 66, moja kwa kila jimbo la nchi, ili kuzituliza. Magari makubwa ya mbao yanayovutwa leo yamekua kutoka kwenye silaha hizo.

Ya pili ni kazi ya shamba. Joto la Agosti huleta uzito wa mwili na usingizi wa mchana, na mkulima wa mpunga hakuwa na nafasi ya kulala wakati magugu yanaota. Kaskazini palikuwa na desturi ya kuupeleka usingizi mtoni, pamoja na balaa zote zinazoambatana nao, kwa kuelesha taa na vitu vingine vibebwe na maji. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba fanusi za Aomori na Akita zimetokana na desturi hiyo.

Ya tatu ni wafu. Obon ni siku ambazo roho za waliotangulia huaminika kurudi nyumbani kwao. Familia huwasha moto mdogo mlangoni ili kuwaonyesha njia, huwawekea chakula, na siku ya mwisho huwasha moto mwingine wa kuwaaga. Katika nyumba nyingi huwekwa tango lililochomekwa vijiti vinne kama miguu, na biringanya lililofanywa vivyo hivyo. Tango ni farasi, ili wazee wafike upesi; biringanya ni ng'ombe, ili waondoke polepole, wakiwa na mizigo ya zawadi. Ngoma za duara zinazochezwa usiku wa siku hizo huitwa bon odori.

Juu ya sababu hizo kuna jambo la kalenda linalowachanganya wageni. Mwaka 1873 Japani iliacha kalenda yake ya kale ya mwezi na jua ikachukua ile ya kimagharibi. Baadhi ya watu walishika tarehe ileile katika kalenda mpya. Wengine wakaisogeza mwezi mmoja mbele ili ibaki karibu na majira yake ya zamani. Ndiyo maana Obon ya Tokyo ni katikati ya Julai lakini sehemu kubwa ya nchi ni tarehe 13 hadi 16 Agosti. Hali kadhalika sikukuu ya nyota, Tanabata, huadhimishwa tarehe 7 Julai katika miji mingi, na Sendai huiadhimisha tarehe 6 hadi 8 Agosti.

Kwa ufupi: Julai ni ya kufukuza maradhi, mwanzo wa Agosti ni wa kufukuza usingizi, na katikati ya Agosti ni kwa ajili ya wafu. Anayeshika mpangilio huo anaweza kubuni safari yake bila orodha.

Gari lenyewe

Magari-nyumba ya kukodi nchini Japani ni ya aina mbili kuu. Dogo kabisa hujengwa juu ya kei, tabaka la magari madogo lililowekwa na sheria ya nchi hiyo: urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48 na injini isiyozidi sentimita za ujazo 660. Humo hulala watu wawili wasio na mizigo mingi. La kati hujengwa mara nyingi juu ya Toyota HiAce, gari ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi analijua kama daladala au matatu; hapa limetolewa viti na kuwekwa kitanda, kabati na betri. Yapo makubwa zaidi yenye chumba kilichopandishwa juu ya dereva, yanayofaa familia, lakini kwa safari ya sherehe udogo una thamani yake. Miji ya kale ina vichochoro vyembamba, na maegesho mengi ya ghorofa hayapokei gari lenye kimo cha zaidi ya mita 2.1 hivi.

Magari huendeshwa upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Jambo la kuangalia mapema ni leseni. Japani hutambua kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 tu. Uganda, Rwanda na Kongo ya Kinshasa ni wanachama wa mkataba huo. Mwenye kibali cha mkataba mwingine, hata kama kinafanana na hicho, hataruhusiwa kuendesha, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye jalada usomwe kabla ya kulipia gari.

Barabarani kuna mambo machache yanayostahili kukumbukwa. Kila gari lazima lisimame kabisa kabla ya kuvuka reli, hata kizuizi kikiwa wazi. Alama ya kusimama ni pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini. Barabara kuu za kasi hulipiwa ushuru, nao ni mkubwa. Nyingi za kawaida ni bure na hupita katikati ya vijiji ambavyo ndivyo vyenye sherehe. Kwenye kituo cha mafuta, mpira mwekundu ni petroli ya kawaida, wa njano ni petroli ya daraja la juu, wa kijani ni dizeli. Rangi hizo zifuatwe kuliko jina, kwa sababu dizeli kwa Kijapani huitwa keiyu na wenye magari madogo ya kei wameharibu injini kwa kudhani ndiyo mafuta yao.

Kulala, kuoga na kukwepa joto

Kando ya barabara za Japani kuna vituo viitwavyo michi-no-eki. Vilianza kusajiliwa mwaka 1993 na sasa vimepita 1,200. Kila kimoja kina maegesho ya bure na vyoo safi vinavyofunguliwa saa 24, na karibu vyote vina soko la mazao ya wakulima wa hapohapo. Wageni wengi huvidhania kuwa kambi. Kisheria ni mahali pa dereva aliyechoka kupumzika, na wizara inayosimamia barabara imeeleza wazi kwamba havikukusudiwa kuwa malazi. Anayesinzia humo usiku mmoja ndani ya gari lililofungwa, injini imezimwa, kwa kawaida hasumbuliwi. Anayetandaza viti, kukunjua turubai na kuwasha jiko nje amevunja makubaliano, na vipo vituo vilivyoweka mabango ya kukataza kulala kwa sababu ya watu wa namna hiyo.

Suluhisho la haki ni kulipa. Chama cha magari-nyumba cha Japani huidhinisha maegesho yanayoitwa RV Park, ambayo yana nafasi pana, umeme, choo cha usiku kucha na mara nyingi mahali pa kuacha taka. Zipo pia kambi za magari zenye maji na mabafu. Katika wiki ya sherehe nafasi hizi nazo huisha, lakini huisha baadaye kuliko hoteli, na gari linaweza kulala umbali wa nusu saa bila hasara yoyote.

Umeme wa RV Park una kazi kubwa kuliko kuchaji simu. Mwezi Julai mjini Kyoto joto la mchana hupita nyuzi 35, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 25. Gari la bati lililokaa juani halilaliki bila kiyoyozi, na kuendesha kiyoyozi kwa injini usiku kucha ni kero kwa majirani na kosa katika maeneo yenye kanuni ya kukataza injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Asiye na umeme hana budi kupanda. Kilima cha mita 800 hupunguza nyuzi nne au tano. Kaskazini, Aomori na Akita, usiku una upepo unaovumilika, na hiyo ni sababu moja ya kuifanya wiki ya kwanza ya Agosti kuwa bora kwa anayejaribu safari hii mara ya kwanza.

Magari mengi hayana bafu. Hakuna shida: Japani ina chemchemi za maji moto na mabafu ya umma kila upande, na yale ya kuoga bila kulala hulipiwa kiingilio kidogo. Mtu hujiosha kwa sabuni kwanza, akiwa ameketi, ndipo aingie kwenye bwawa. Mabafu mengi ya mikoani hufunga mapema, nazo sherehe humalizika saa tatu usiku au baadaye, hivyo wazoefu huoga saa kumi jioni, hula, kisha huenda kwenye ngoma. Nguo hufuliwa kwenye maduka ya mashine za sarafu, ambayo ni mengi na hufunguliwa mpaka usiku.

Wiki ya kwanza ya Agosti, kaskazini

Mikoa sita ya kaskazini-mashariki mwa Honshu huitwa Tohoku. Hapa ndipo gari-nyumba linapoonyesha faida yake yote, kwa sababu sherehe zimepangana kwa tarehe na kwa barabara:

- Hirosaki, tarehe 1 hadi 7
- Morioka, tarehe 1 hadi 4
- Aomori, tarehe 2 hadi 7
- Akita, tarehe 3 hadi 6
- Goshogawara, tarehe 4 hadi 8
- Yamagata, tarehe 5 hadi 7
- Sendai, tarehe 6 hadi 8

Aomori, Hirosaki na Goshogawara zimo ndani ya pembetatu ambayo upande wake mrefu ni kama kilomita 40, na tofauti kati yake inastahili siku tatu. Ya Aomori, iitwayo Nebuta, ina sanamu pana: mashujaa, mashetani na wanyama wa hadithi, zilizoundwa kwa nyaya juu ya fremu ya mbao, zikafunikwa karatasi ya kutengenezwa kwa mkono, zikachorwa kwa wino mweusi, nta na rangi, na kuwashwa taa kwa ndani. Moja huweza kufika mita 9 kwa upana, mita 5 kwa kimo na uzito wa tani 4, pamoja na gari lake. Watu huisukuma kwa mikono, huizungusha kwa ghafla kuelekea watazamaji, na filimbi, matoazi na ngoma kubwa hufuata nyuma. Mchana sanamu hizo hukaa kwenye mahema karibu na bandari, ambako yeyote anaweza kwenda kuziangalia kwa ukaribu, brashi kwa brashi. Ni saa hizo za mchana ambazo mgeni wa treni huzikosa.

Kinachoipa Nebuta nafasi ya pekee ni wachezaji warukaji, waitwao haneto. Kikundi chochote humpokea mgeni yeyote, bila kujiandikisha, kwa sharti moja: avae vazi kamili. Vazi hilo ni kanzu nyepesi ya pamba iitwayo yukata, mishipi ya rangi, kofia ya maua na njuga ndogo. Hukodishwa na kuuzwa madukani mjini. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aomori humpa mgeni kazi jioni ya kwanza, na kazi yenyewe ni kuruka kwa mguu mmoja mara mbili, kisha mwingine mara mbili, kwa saa mbili mfululizo. Njuga zikidondoka barabarani huachiwa watazamaji, wanaoziokota kama bahati. Tarehe 7 maandamano hufanyika mchana, na usiku sanamu zilizoshinda hupakiwa kwenye vyombo na kuzungushwa bandarini chini ya fataki.

Hirosaki, mji wa ngome ya kale, una fanusi za umbo la kipepeo cha mkono. Mbele huchorwa vita. Nyuma huchorwa mwanamke mwenye huzuni, ndiye anayeonekana fanusi ikienda zake. Mwendo ni wa polepole, na ngoma ni nzito. Goshogawara ina majitu ya kwenda juu, kimo cha mita 23 hivi na uzito wa tani 19. Nguzo na nyaya za umeme zilipoingia mjini, sanamu zilikatwa kimo hadi zikasahaulika. Katika miaka ya 1990 wakazi walizifufua kwa kufuata michoro na picha za zamani, na mji ukazika nyaya chini ya ardhi ili zipite. Jengo linalozihifadhi lina ukuta unaofunguka, na kuona jitu hilo likitoka ndani kuelekea barabarani ni jambo linalotosha kuwa sababu ya safari.

Kutoka Aomori hadi Akita ni mwendo wa saa tatu na ushei. Sherehe ya huko, Kanto, haina sanamu. Kila kikundi hubeba mianzi. Ulio mkubwa una urefu wa mita 12, uzito wa kilo 50 na fanusi 46 zilizopangwa mfano wa suke la mpunga lililojaa. Ndani ya kila fanusi kuna mshumaa wa kweli unaowaka. Mtu mmoja huuinua, huuweka kwenye kiganja, kisha paji la uso, bega, na kiunoni, mikono akiwa ameiachia. Mwanzi hupinda, wenzake huongeza vipande chini ili urefuke zaidi, na mara nyingine huanguka juu ya kamba zilizotandazwa kulinda watazamaji. Maonyesho yakiisha, vikundi huwakaribisha watu kujaribu kuinua. Mchana kuna mashindano ya ustadi, yasiyo na msongamano wa usiku, ambapo mwendo wa mikono na nyonga huonekana vizuri zaidi.

Sendai ni tulivu. Mitaa ya biashara hufunikwa na mapambo ya karatasi yanayoning'inia kutoka mianzi mirefu, na watu hupita chini yake wakiyagusa kwa uso. Yamagata hucheza kwa kofia za majani zilizopambwa maua mekundu ya mmea ambao mkoa huo uliuuza kwa karne nyingi kama rangi na kipodozi.

Kutaka kuziona zote ni kuziharibu. Mpango unaofaa zaidi ni wa vituo vitatu: usiku mbili katika pembetatu ya Aomori, usiku mmoja au mbili Akita, na mmoja kusini. Siku ya kuendesha isiwe siku ya kucheza.

Kyoto mwezi Julai, kwa ufupi

Maandamano makuu ya Gion ni tarehe 17 na 24 Julai. Magari makubwa hufika kimo cha mita 25 na uzito wa tani 12, hufungwa kwa kamba za majani bila msumari, na hayana usukani. Kwenye kona hutandazwa vipande vya mianzi vilivyoloweshwa maji chini ya magurudumu, kisha makumi ya watu huvuta kwa upande mpaka gari ligeuke. Ufungaji wenyewe huanza siku kadhaa kabla, hadharani, katikati ya mtaa, na una mvuto kuliko maandamano. Gari-nyumba halina nafasi humo kabisa: barabara hufungwa na maegesho ni ya bei kali. Liachwe nje ya mji karibu na stesheni, na treni imalizie.

Ngoma za Obon

Katikati ya Agosti Wajapani wengi hurudi kwao, na barabara kuu hujaa foleni za makumi ya kilomita. Aliye na gari la kulala awe ameshafika anakokwenda kabla ya tarehe 12 na asisogee mpaka tarehe 17.

Mahali pa kufika pako pawili. Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, hucheza Awa Odori tarehe 12 hadi 15. Vikundi viitwavyo ren hupita kwa safu, wanawake wamesimamia ncha za viatu na mikono juu, wanaume wameinama chini. Kuna nafasi maalumu kwa wasiojiandaa, ambao hufundishwa kwa dakika chache na kuingizwa barabarani. Ni sherehe yenye nguvu, lakini sehemu kubwa hutazamwa kutoka majukwaa ya kulipia.

Gujo Hachiman, mji mdogo wa milimani mkoani Gifu, una desturi tofauti na, kwa mgeni, bora zaidi. Ngoma yake huchezwa zaidi ya usiku 30, kuanzia katikati ya Julai hadi mwanzo wa Septemba, na usiku wa tarehe 13 hadi 16 Agosti huchezwa mpaka alfajiri. Hakuna jukwaa la watazamaji. Katikati huwekwa kibanda cha mbao chenye waimbaji na wapigaji, na watu wote huzunguka: bibi wa miaka themanini, polisi aliyemaliza zamu, mtoto, mgeni asiyejua hatua hata moja. Mitindo ni kumi, na anayejifunza humfuata aliye mbele yake. Wengi huvaa geta, mitalawanda ya mbao, na mlio wake kwenye lami ni sehemu ya muziki. Wenye maduka huufunga ukanda wa mtalawanda papo hapo kwa kipimo cha mguu wa mnunuzi. Mwaka 2022 UNESCO iliorodhesha ngoma 41 za namna hii kuwa urithi wa binadamu, na ya Gujo ni mojawapo.

Katika orodha hiyo imo pia ya Nishimonai, mkoani Akita, inayochezwa tarehe 16 hadi 18. Wachezaji hufunika uso kwa kofia ya majani iliyoinamishwa au kitambaa cheusi chenye matundu mawili ya macho, na nguo zao zimeunganishwa kwa vipande vya hariri vya zamani. Hapa kazi ya mgeni ni kutazama na kunyamaza.

Fataki na kumbukumbu

Fataki za kiangazi huonekana kama burudani tupu mpaka mtu afike Nagaoka, mkoani Niigata. Usiku wa tarehe 1 Agosti 1945 ndege za Marekani ziliuteketeza mji huo, na watu zaidi ya 1,400 walikufa. Mwaka mmoja baadaye wakazi walifanya sherehe ya kujijenga upya. Leo fataki kuu hurushwa tarehe 2 na 3 Agosti juu ya mto Shinano, na usiku wa tarehe 1, saa ileile mashambulizi yalipoanza, hurushwa nyeupe kwa ajili ya marehemu. Tufe kubwa kuliko yote yanayorushwa hapo lina kipenyo cha sentimita 90, uzito wa kilo 300 hivi, na hupasuka kwenye kimo cha mita 600. Viti na maegesho huhitaji kununuliwa mapema.

Adabu na kanuni

Pombe na usukani havikutani. Kikomo cha Japani ni miligramu 0.15 kwa lita ya pumzi, na sheria humwadhibu pia aliyempa dereva kinywaji na abiria aliyejua. Mwenye kunywa bia ya sherehe alale palepale gari lilipo mpaka asubuhi ipite, basi mahali pa kuegesha pachaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Chakula cha vibanda huliwa kwa kusimama: tambi za kukaangwa, barafu iliyokwanguliwa na kumiminiwa sharubati, na takoyaki, ambazo hupikwa kwenye chuma chenye vishimo kama cha vitumbua, ila ndani mna kipande cha pweza. Mapipa ya taka ni machache. Mfuko wa taka hurudi na mtu garini, na kuutupa kwenye pipa la duka au la kituo cha barabarani ni jambo linalowaudhi wenyeji kuliko kelele.

Yukata hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia kwa wanaume na wanawake. Kinyume chake ni mavazi ya maiti, na mzee yeyote atakayeona atamsimamisha mgeni kwa upole amrekebishe. Kwenye mahekalu yanayobebwa mabegani, yaitwayo mikoshi, mtu asiguse wala kupiga picha kutoka dirisha la ghorofa bila kuuliza, kwa kuwa mungu wa mtaa anaaminika kuwa ndani na hatazamwi kutoka juu.

Mwisho wa msimu

Jumamosi ya mwisho ya Agosti mafundi wa fataki hushindana Omagari, mkoani Akita, mashindano yaliyoanza mwaka 1910; huanza mchana kwa fataki za moshi wa rangi. Kisha tarehe 1 hadi 3 Septemba, mji wa Yatsuo, mkoani Toyama, hucheza ngoma ya kuomba tufani zipite mbali na mpunga ulio karibu kuiva. Huimbwa kwa fidla ya kokyu na kinanda cha nyuzi tatu cha shamisen, na wachezaji huficha nyuso chini ya kofia za majani. Magari yote huzuiwa nje ya mji na wageni huletwa kwa mabasi, kwa hiyo mwenye gari-nyumba hutafuta nafasi upande wa mji wa Toyama na kuikata mapema. Sherehe zinazofuata baada ya hapo ni za mavuno, na usiku wa milimani huanza kuhitaji blanketi.